Mbao za Kuangukia

Vijana wangu, ubao wa skeitibodi ukivunjika, msiuchome. Jirani yangu mmoja wa Old Moshi aliuchoma. Nilikuwa nimempa mwenyewe rundo la mbao zilizoharibika kazini, nikamwambia, "Tengenezea mlango wa banda la kuku." Yeye akaona kuni ni kuni. Siku ya kipaimara cha mwanawe akazipanga chini ya mbuzi, akawasha.

Moshi wa ubao ule hauendi juu kama moshi mwingine. Unatafuta macho. Haikupita muda, wageni wote pale uani walikuwa wanatokwa machozi, mchungaji akiwa wa kwanza. Akina mama waliokuwa wakipita na mizigo ya majani ya ng'ombe wakaona nyumba imejaa watu wanaolia. Wakatua mizigo, wakajifunga kanga, wakaingia wakipiga mayowe.

"Ni nani jamani?"

"Hakuna mtu," jirani akajibu, huku anajifuta machozi.

"Usitufiche, mama. Ni nani?"

"Ni mbuzi!"

"Mae! Pole sana. Alikuwa wa maziwa?"

Mbuzi mwenyewe hakulika. Mbwa alimnusa mara moja, akaenda kukaa mbali kwenye migomba, akatugeuzia mgongo.

Kilichowaliza ni gundi. Ubao mnaouona kuwa ni mmoja ni matabaka saba membamba ya mti yaliyobandikwa, na gundi iliyoyashika haipendi moto. Ubao wa mti wa kienyeji kama mringaringa ukiuchoma unakuwa majivu, unayamwaga shambani, mgomba unashukuru. Huu wa gundi, hata mgomba unayaonea shaka majivu yake. Basi ukivunjika, ufanye mlango wa kuku, ufanye rafu, ufanye kigoda cha kukamulia. Usiufanye kibao cha kukatia nyama. Hilo nalo nimeliona, lakini wahusika bado wako hai.

Mimi kazi yangu ilikuwa kubandika. Nilibandika tangu nikiwa msichana mpaka vidole viliponikatalia. Shule sikumaliza. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la sita, nikabaki na wadogo watatu: Eliya, Nuru, na Sifa, mvulana wa mwisho, aliyekuwa bado anatambaa. Siku ya kuanua matanga, Baba mkubwa, kaka yake baba, alisimama akasema watoto wagawanywe kwa ndugu. Nikamwambia nitawalea mwenyewe, hapo hapo kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani tulilorithi.

"Kwa kitu gani, Haika?"

"Nitafanya kazi."

"Tutaona hiyo kazi," akasema.

Si mtu mbaya. Lakini maneno yale alinirudishia kila tulipokutana, kanisani, sokoni, msibani. Mtu mwingine husalimiwa habari za nyumbani. Mimi nilisalimiwa, "Bado tunaitazama hiyo kazi."

Kazi niliipata mjini, katika karakana iliyokuwa karibu na reli. Tulitengeneza viti vya shule, vile vya mbao iliyopindwa. Niliingia kwa kufagia vumbi la mbao, nikatokea kwenye meza ya gundi, na aliyenivusha ni Fundi Aminieli, mtu wa Masama, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao.

Fundi hakuwa na saa. Alipima gundi kwa nyimbo. "Ukishaichanganya," alinifundisha, "una muda wa wimbo wenye beti nne. Ukifika ubeti wa tano hujabandika, mwaga." Wa kwaya ya mjini wanaoimba haraka haraka aliwakataza kabisa kugusa gundi yake. Nami nawaambia ninyi mnaotazama simu: simu inajua saa, haijui joto. Siku ya baridi Fundi aliimba polepole, siku ya jua aliharakisha, na hakuna ubao wake ulioachia.

Gogo tulilichemsha kwanza. Tangu asubuhi linatokota kwenye tangi kama ndizi za mtori, mpaka lilainike. Halafu linawekwa kwenye mashine, linazunguka mbele ya kisu kirefu, linamenyeka. Unatoka utepe mpana, mwembamba, una joto la mkate. Mwisho kinabaki kiini, chembamba kama mpini wa jembe, na kiini hicho ndicho tulichochochelea moto wa kuchemshia gogo linalofuata. Fundi alikuwa akisema hajaona ukatili kama huo, mtu kupikwa kwa mifupa ya kaka yake.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa. Viti vya plastiki vikapanda kwa malori kutoka bandarini, vyeupe, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama sahani. Shule zikavinunua, makanisa yakavinunua, hata Bosi wetu, mwenye karakana, nilimkuta amevikalia nyumbani kwake. Aliponiona akasimama kwa aibu. Ghala letu lilijaa viti vya mbao ambavyo havikuwa na wa kuvikalia, na mimi nikaanza kuzisikia hatua za Baba mkubwa.

Hapo ndipo alipoingia yule kijana mzungu tuliyemwita Goti. Jina lake lingine tulilisahau siku ile ile, kwa sababu goti lake moja lilikuwa na bandeji, na halikuwahi kuwa bila bandeji muda wote tuliomjua, isipokuwa wiki ambazo bandeji ilihamia goti la pili. Aliweka mezani vipande viwili vya ubao.

"Naomba mtengeneze mwingine," akasema kwa Kiswahili cha kitabuni.

Fundi akavigeuza. "Ni kitu gani?"

"Unasimama juu yake."

"Ili ufikie nini?"

"Sifikii kitu. Natelemka."

"Kutoka wapi?"

Goti akaonyesha mlimani, barabara inayoshuka kutoka Old Moshi.

"Gari ipo," Fundi akamwambia kwa upole. "Na miguu ipo."

Bosi hakuelewa chochote, lakini alielewa kwamba plastiki ilikuwa bado haijafika kwenye kitu hicho. Akakubali kazi. Goti alikuwa na wenzake kwao waliotaka mbao zilizotengenezwa Kilimanjaro, nyingi, na kama zingekuwa nzuri wangetaka nyingine.

Fundi akauchemsha ubao uliovunjika ndani ya tangi la magogo mpaka ukaachia, akahesabu matabaka: saba, matano yamelala kwa urefu na mawili yamekingama katikati. "Hapa ndipo siri ilipo," akaniambia. "Kama familia. Wote wakilala upande mmoja, nyumba inapasuka." Kisha akachonga kalibu, yaani gogo la juu na la chini lenye umbo la ubao, matabaka yanaingia katikati yakiwa na gundi mbichi, na juu yake tunakaza kwa jeki ya lori.

Mti ulitusumbua. Mringaringa ni mzuri, una rangi, lakini Goti alisimama juu yake mara moja ukapasuka. Mkaratusi ulijipinda wenyewe usiku kucha kama mtu mwenye tumbo. Mgrevilia ndio uliokubali, na mgrevilia ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Hapo sitawapambia maneno. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wa Uru na wa kwetu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na mgrevilia uliokuwa kivuli cha kahawa hauna kazi juu ya nyanya. Ulikatwa, ukashushwa mjini, tukaumenya. Kila ubao aliotelemkia kijana mmoja nchi za mbali ulikuwa kipande cha kivuli cha mtu fulani huku juu, na jua lilipopiga ile mitelemko tuliliona wote.

Jambo hilo lilimkera Fundi. Akajiwekea sheria: gogo likiingia, mche unapandwa. Karakana haikuwa na shamba, basi alipanda popote. Nyuma ya kanisa, kando ya reli, mbele ya dirisha la Bosi, na mmoja kwenye kaburi la mtu asiyemjua. Ndugu wa marehemu walimtafuta wakamletea kuku.

Sasa Eliya, mdogo wangu. Alichukua ubao mmoja wa majaribio, ule Goti aliokuwa ameuchorea chini yake fuvu la mtu linalocheka, akauweka kwenye mfongo uwe kizuizi cha maji. Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia, unatoka juu msituni unapita kihamba hadi kihamba, kila nyumba na zamu yake. Kizuizi cha zamani kilikuwa kimeoza, na Eliya akajiona mhandisi.

Ubao ule ukakaa majini ukanywa. Ulipokwisha kunywa ukaachia, tabaka moja moja, na kila tabaka likasafiri kivyake kuteremka mlima. La kwanza liliziba kwa mwalimu, maji yakamwingia jikoni yakatoka na sufuria. La pili lilifunga zamu ya watu waliokuwa wamegombana mwaka mzima kwa ajili ya zamu hiyo hiyo, wakashikana mashati. La mwisho, lile la fuvu, lilimfikia mama mmoja mjane. Alikwenda asubuhi kukata ndizi akalikuta limelala chali kwenye migomba yake, linamcheka.

Mzee wa mfongo akapita nyumba kwa nyumba akikusanya matabaka. Alipofika kwetu alikuwa nayo sita kwapani.

"Haika, haya ni ya kwenu?"

"Shikamoo, Babu. Ni ya kazini."

"Marahaba. Na la saba liko wapi?"

Hatukuliona mpaka leo. Eliya alihukumiwa kusafisha mfongo peke yake kutoka juu mpaka chini, na habari zikamfikia Baba mkubwa zikiwa zimenona njiani. Akaja kwetu siku hiyo hiyo, hakukaa.

"Nyumba isiyo na mtu mzima ndiyo hii," akasema. "Jumapili ya mwisho wa mwezi ukoo unakaa hapa. Utatuonyesha hiyo kazi. Kama ni kazi, sawa. Kama si kazi, Eliya anakwenda Masama, Nuru anakwenda kwa shangazi yenu Uru, Sifa nakaa naye mimi. Na wewe pika mbege ya kikao."

Sifa alikuwa keshaanza kusema. Aliuliza, "Na Dada anakwenda wapi?"

Kwa ninyi mliokulia mjini: mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, halafu zikachanganywa na uji wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kikao cha ukoo hufunguliwa kwa maneno, lakini hufungwa kwa mbege, na iwe imepikwa katika nyumba ile ile inayozungumzwa. Haiazimwi kwa jirani. Nilipika ndizi, nikaotesha ulezi, na Alhamisi nikaupeleka kusaga kwenye mashine iliyokuwa jirani na karakana. Mfuko wa kimea nikauegesha ndani ya mlango wa karakana, nikaenda ghalani kupanga viti visivyouzika. Niliporudi haukuwapo. Nikadhani Eliya aliyekuwa ameshuka mjini ameuchukua kunipunguzia mzigo, akauchanganye na ndizi nyumbani, na kwa pilikapilika za kazi sikumwuliza.

Wakati huo gundi ilikuwa imepungua, na gundi ikipungua unaiongezea unga wa ngano ili iwe nzito, isinywewe yote na mti. Bosi alikuwa ameagiza unga. Asubuhi ile alipita akasema, "Unga umefika." Kweli ulikuwa umefika, stoo. Lakini Fundi Aminieli aliona mfuko mlangoni, akaushukuru, akaufungua. Gundi kidogo, kimea kingi, beti nne, akabandika mzigo mzima wa Goti. Akakaza jeki.

Jumamosi tulikwenda kufungua. Kabla ya kugusa jeki nikasikia kalibu inanong'ona.

"Fundi, njoo usikilize."

Akaweka sikio. "Inapumua," akasema.

Tukalegeza. Mbao zikainuka zenyewe kama maandazi kwenye mafuta. Zilikuwa na mapovu kati ya tabaka na tabaka, na mapovu yalikuwa yanapasuka taratibu, pu, pu, kama mtu anayewaza. Harufu ikajaa karakana yote. Nyuki wakaingia kwa dirisha. Mlinzi wa getini akaja bila kuitwa, akavua kofia, akauliza arusi ni ya nani.

"Fundi, unga ulitoa wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Kile kilikuwa kimea. Cha ukoo. Cha kesho."

Fundi akakaa juu ya kiti cha shule. "Ruwa, Mungu wangu," akasema. "Nimewabandika wazee wako."

Ningefanyaje? Hata ningepata kimea kingine Jumamosi ile, mbege haiivi kwa kuihimiza. Na mbao zote za mzigo ule, ambazo ndizo nilizotaka kuwaonyesha ukoo, zilikuwa zimevimba. Fundi akasema atakuja mwenyewe kunitetea. Goti aliposikia naye akasema atakuja, atawaonyesha wazee kwa vitendo. Nilimkataza. Alidhani nafanya heshima.

Basi Jumapili baada ya ibada wazee wakakaa kwenye viti vya mbao vya karakana, ambavyo ndivyo vilivyokuwa mali yangu yote ya kuonyesha. Aliyewazidi wote umri ni Babu Ndemasi, mkuu wa ukoo, mtu wa maneno machache na masikio mazima. Fundi alikuja na suti ya kwaya, amebeba gunia la mbao. Goti alikuja na ubao mmoja mzima uliobaki, wenye magurudumu.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Haika, tuambie," Baba mkubwa akaanza. "Unafanya kazi gani?"

"Natengeneza mbao, Baba mkubwa. Mtu anasimama juu yake anatelemka."

"Akishatelemka?"

Goti akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Kabla sijamshika alikuwa keshapanda ubao juu ya njia yetu, ile inayoshuka kutoka mlangoni hadi kwenye migomba. Alipita mbele ya wazee ameweka mikono kama ndege, akawasalimia, "Shikamooni!" na kabla hawajamwitikia alikuwa ameingia ndani ya mbuni. Ubao uliendelea peke yake.

Wazee wakanyoosha shingo.

"Marahaba," Babu Ndemasi akasema kuelekea kwenye mbuni.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" Baba mkubwa akauliza.

"Kuanguka ni sehemu yake," Fundi akasema. "Haika anabandika vizuri. Tazameni, ubao haukuvunjika."

"Mtu ndiye aliyevunjika."

"Mtu huwa anapona, mzee."

"Na huyu kijana mnamlipa kiasi gani aanguke?"

"Hatumlipi. Yeye ndiye anayetulipa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema polepole, "Anatoka kwao, analipa nauli, halafu anatulipa ili aanguke kwetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi tumeanguka kwenye njia hii bure tangu tuzaliwe."

Walicheka, nami nikajua nimekwisha, kwa sababu Baba mkubwa hakucheka. Alisubiri watulie, akasimama. Alisema hana ugomvi nami, lakini mtoto halelewi kwa mchezo wa wazungu, kesho mzungu ataondoka na goti lake, na hawa watoto watakula nini, magurudumu? Akarudia mgawo: Eliya Masama, Nuru Uru, Sifa kwake. Eliya alikuwa anatazama miguu yake. Nuru alikuwa keshafunga nguo zake kwenye kanga bila kuambiwa na mtu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Babu Ndemasi akageuka kwangu.

"Basi, mama. Leta mbege tufunge."

"Babu, mbege haipo."

"Haipo vipi? Ndizi nimezisikia harufu tangu getini."

"Ndizi zipo. Kimea kimo ndani ya mbao."

Ikawa lazima Fundi aeleze. Alieleza vizuri, na beti zake, mpaka mahali pa mfuko. Kisha akafungua gunia. Mbao zilikuwa zimezidi kunenepa. Babu Ndemasi akauchukua ubao mmoja, akaunusa, akaugongagonga, akauweka sikioni.

"Ni ya nyumba hii," akasema. "Na imekwiva."

"Basi tufunge hivyo hivyo," Baba mkubwa akasema. "Kila mtu anuse."

"Mbege hainuswi," Babu Ndemasi akamjibu. "Inanywewa. Tangu babu yangu hatujafunga kikao kwa kunusa. Unataka tuseme nini baadaye, kwamba watoto wa ndugu yako tuliwagawa tukiwa na kiu?"

"Tuazime kwa jirani."

"Kwa shauri la nyumba hii? Mbege ya jirani ikafunge mlango wa jirani." Babu akaurudisha ubao kwenye gunia, taratibu, kama anavyorudishwa mtoto aliyelala. "Kikao kimefunguliwa. Hakijafungwa. Hakuna mtoto anayehama katika kikao ambacho hakijafungwa. Haika atapika mbege nyingine. Itakapokuwa tayari, atatuita." Akanitazama, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Utatuita, siyo?"

"Nitawaita, Babu," nikasema.

Mpaka hapo mtadhani mbao zile tulizitupa. Tulizikata vipande, zikawa milango ya kuku ya Old Moshi yote, na kuku wa mwaka ule walikuwa wachangamfu sana. Goti alingoja mzigo mwingine, akasafirisha, na wenzake wakataka tena. Tulifanya kazi ile kwa miaka. Tulijifunza kupaka ncha za ubao rangi nzito ili zisinywe maji, tulijifunza kuweka unga wa gundi kwenye pipa lenye kufuli. Hata baada ya Goti kuondoka barua za maagizo zilikuja, mpaka zilipoacha kuja. Hapo tukarudi kwenye viti, maana plastiki nayo hukatika miguu.

Mbao zenyewe ziliishia wapi, mmoja niliuona. Nilikuwa Kiboriloni natafuta sweta katika mitumba, nikaukuta juu ya rundo la viatu. Ulikuwa umechubuka tumbo lote, lakini mstari wa gundi yangu niliutambua kwenye ubavu.

"Mama, hiyo ni ya Ulaya," muuzaji akaniambia. "Mali safi."

"Hii ni ya hapa chini, kwenye reli. Niliibandika mimi."

"Mama, usiniharibie biashara."

Basi fikirini: mgrevilia uliotelemka kutoka Uru, ukapanda ndege au meli, ukaangusha vijana wa watu, ukarudi kwa bandari ile ile iliyoleta viti vya plastiki, ukalala Kiboriloni karibu na shina lake. Safari yote hiyo kwa mti uliokuwa umesimama vizuri. Nilimpunguzisha bei, nikaununua, nikaufanya kigoda.

Na kikao? Jumapili iliyofuata Baba mkubwa alinikuta mlangoni pa kanisa.

"Haika. Kimea vipi?"

"Nimeotesha ulezi, Baba mkubwa. Bado haujachipua."

"Hm," akasema.

Jumapili nyingine akauliza tena. Nikamwambia umepata ukungu. Nyingine, kuku wamekula. Ulezi huota kwa siku chache tu, na hakuna mtu wa Kilimanjaro asiyejua hivyo, wala yeye si mgeni wa Kilimanjaro. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Nuru alifungua ile kanga yake siku moja, akarudisha nguo kwenye kamba. Eliya akapata kazi ya kutengeneza mifongo, niaminini. Salamu ya Baba mkubwa ikabadilika, hakusema tena tutaona hiyo kazi, alisema, "Kimea?" nami nikasema, "Bado," naye akatikisa kichwa kusikitikia ulezi wa siku hizi, tukaingia ibadani. Msimu wa nyanya mbaya aliniletea gunia la mahindi, akaliweka mlangoni, akauliza kimea, akaenda zake. Babu Ndemasi alipokuwa anakata roho aliniita, nikadhani atanikumbusha ahadi. Alisema tu, "Usiharakishe."

Sifa alioa miaka mingi baadaye, kwenye kihamba chetu, ambacho kwa desturi ni chake kwa kuwa ndiye wa mwisho. Mbege ya arusi nilipika mimi, mapipa kwa mapipa, na kimea kiliota vizuri ajabu. Nilimpelekea Baba mkubwa kata ya kwanza, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwa amezeeka. Akaiinua, ikafika mdomoni, akaishusha. Watu wote walikuwa wanamngoja.

"Haika," akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. "Hii ni ya arusi, au ni ile ya kikao?"

"Ni ya arusi, Baba mkubwa."

Akashusha pumzi, akanywa yote, akanirudishia kata tupu.